Mzee, Mfukoni Kuna Nini?

Ukitaka kutembea Dar es Salaam na chuma chenye makali bila mtu kukuuliza swali, beba panga. Sifanyi mzaha. Muuza madafu anapita Kariakoo katikati ya umati na baiskeli yake, panga limelala juu ya madafu, limenolewa mpaka linang'aa, na watu wanamkimbilia, hawamkimbii. Unasimama mbele yake, analinyanyua usawa wa uso wako, anafyeka mara tatu nne, anakukabidhi dafu na mrija, nawe unasema ahsante. Muuza miwa ana lake. Muuza machungwa ana kisu kilichonolewa miaka yote hiyo mpaka kimebaki uti tu. Mlinzi wa Kimasai pale getini kwa jirani yangu ana sime kiunoni ndani ya ala nyekundu. Anapanda nayo daladala, anashuka nayo, anaingia nayo dukani kununua vocha, na mwenye duka anachomuuliza ni kama anataka ya elfu moja au ya mia tano.

Sasa nitoe mimi kisu changu cha kukunja, ambacho bapa lake halifiki urefu wa kidole cha shahada. Nina mvi, nina kitambi, nina miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Watu wanasogea.

Juzi kati tulikwama kwenye foleni ya Buguruni, daladala imejaa, joto la kumkausha mtu mate. Nilikuwa na machungwa ya Muheza kwenye mfuko wa karatasi, zawadi ya shemeji kutoka Tanga. Nikaona hapa kazi ni moja tu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kisu, nikaweka ukucha kwenye kile kifereji cha bapa, nikakikunjua. Kikalia: tk. Mlio mdogo kuliko wa kuvunja kidole. Kijana niliyekaa naye akavua visikilizio vya masikioni, vyote viwili.

"Anko, vipi tena?"

"Namenya chungwa."

"Sasa si ungenunua lililomenywa kabisa?"

Konda naye, ambaye tangu Gongo la Mboto alikuwa ananing'inia mlangoni bila kuona mtu anayekanyagwa wala mtoto anayelia, hilo akaliona. "Mzee, kunja hiyo kitu, utanifukuzia abiria." Abiria wa kufukuzwa waende wapi, Mungu wangu, wakati hata mlango haufungi kwa kujaa? Nikawa najiandaa kumjibu, nikasikia sauti ya mama mmoja kutoka kiti cha nyuma, mtulivu kabisa: "Baba, ukimaliza hapo niazime nimkatie mtoto embe."

Basi hapo ndipo penye kisa chote cha sisi wabeba visu vidogo. Wa kutushangaa hawaishi na wa kutuazima hawaishi, na ukichunguza vizuri utakuta ni watu walewale.

Wanaoniuliza "kisu cha nini mjini?" nawajibu: hivi ninyi maisha yenu mnayafungua na nini? Mzigo umeletwa na basi kutoka Mbeya, umezungushiwa gundi ya plastiki kana kwamba ndani kuna mfungwa. Gunia la mkaa limeshonwa kwa kamba ya katani. Pakiti ya maziwa imeandikwa "chana hapa", na hapo palipoandikwa hapachaniki hata kwa dua. Shati jipya lina uzi unaoning'inia. Waya wa chaji unahitaji kuvuliwa ganda. Parachichi limeiva leo na kesho litakuwa limeoza. Mnatumia nini? Nawajua. Mnatumia meno. Nchi nzima inafungua vitu kwa meno, kisha inakwenda kung'olewa jino na kulalamika kuwa matibabu ni ghali. Wengine mnatumia ufunguo wa mlango, mnaukereza kwenye gundi kwa dakika tano huku mnanung'unika. Kisha mnamkumbuka yule mzee mwenye kisu.

Kisu chenyewe, kwanza, si cha kutisha. Nilikinunua kwa machinga. Ni chekundu, kina msalaba mweupe ambao ukiutazama vizuri ni alama ya kujumlisha. Kinajifanya kisu cha jeshi la Uswisi, ingawa sidhani kama kiliwahi hata kupita juu ya Uswisi kwa ndege. Lakini hata ukoo wa kile halisi hauna damu mikononi. Fundi mmoja, Karl Elsener, alifungua karakana ya visu katika kijiji cha Ibach mwaka 1884. Wakati huo jeshi lao lilitaka kisu cha kukunja kwa ajili ya askari, na vya mwanzo viliagizwa Solingen, Ujerumani. Elsener akaona ni aibu, akajipanga, na mwaka 1891 naye akaanza kulipelekea jeshi visu vyake. Unajua vilikuwa vya kazi gani? Kufungulia makopo ya chakula, na kufungulia skrubu za bunduki askari anapotaka kuisafisha. Basi. Mwaka 1897 akasajili kingine chepesi zaidi, cha maofisa, akakiongezea bapa la pili na kizibuo cha chupa za mvinyo. Askari wa kawaida kizibuo hakupewa. Wakubwa nao jeshi halikuwagawia, walijinunulia wenyewe. Kwa hiyo hapo unaona silaha ya kivita ambayo tofauti ya cheo ndani yake ni nani anakunywa mvinyo na nani anakula maharage ya kopo. Nami kizibuo nilikuwa nacho. Kilinifungulia soda za watu wengi ingawa hakikutengenezwa kwa soda, na mvinyo hata mmoja hakikufungua.

Kisu cha kuogopwa kipo, na baba yangu mdogo, marehemu, alikuwa nacho: Okapi. Mpini wa mti, umepambwa kwa mwezi na nyota za chuma, na pete ndogo ya kuvuta unapotaka kukikunja. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yake ya Afrika, siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Sasa tazama mambo haya. Okapi mwenyewe, yule mnyama wa misitu ya Ituri kule Kongo, ni bingwa wa kujificha, mpaka wanasayansi wa Ulaya hawakumwandika vitabuni hadi mwaka 1901. Halafu kisu walichokipa jina lake hakijui kabisa kujificha. Ukikikunjua kinalia krrr, krrr, krrr, jino kwa jino, na nyumba tatu zinasikia. Baba mdogo alikuwa akikitoa kumenyea mihogo, ugomvi wa watoto uani unakatika wenyewe. Hakuwahi kumtishia mtu. Mlio ulimfanyia kazi.

Mimi nikasema sitaki mlio wala maneno. Nitakibeba kistaarabu, kisionekane. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta pa kukiweka, na ndugu yangu, mwili wa binadamu una mifuko mingi ambayo haifai.

Mfuko wa mbele wa suruali ndio wa kwanza kila mtu anaoufikiria. Suruali zetu za zamani zilikuwa na mifuko ya kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, lakini hizi anazoninunulia binti yangu zinabana, ukiweka hata tende mbili jirani anajua ni mbili. Kisu kinajichora pajani. Ukikaa kinakuchoma, ukisimama unalazimika kukirekebisha mbele za watu, na mtu mzima anayejirekebisha pale mbele za watu hawezi kueleza kuwa ni kisu. Halafu kinatoboa. Siku moja bitana inaachia, kisu kinateremka mguuni ndani ya suruali, kinatokea kwenye kiatu, na wewe uko msibani umesimama na wazee.

Kwenye mkanda? Nilijaribu kifuko cha ngozi cha kuvalisha kiunoni. Mtaa mzima ukaanza kuniita afande. Wauza kahawa walikuwa wakinyamaza nikifika. Mpangaji mmoja ambaye sijawahi hata kumdai akaja kunieleza kwa hiari yake kuwa pikipiki yake ina kadi halali.

Kwenye mkoba wa mama watoto? Alikubali, tena kwa roho safi. Kikaingia mle pamoja na mafuta ya mikono, risiti za mwaka juzi, tasbihi, dawa ya kikohozi, chaji ya simu iliyokwisha kuuzwa. Hakikuonekana tena mpaka tulipohama nyumba.

Kwenye kanzu, siku ya Ijumaa, ndipo palipotokea la kutokea. Mfuko wa kanzu uko ubavuni, wazi, mpana. Tumesujudu rakaa ya kwanza, nikasikia kitu kinaniacha. Kikateleza kwenye zulia, taratibu, mpaka safu ya mbele, kikatulia kando ya mguu wa mzee mmoja wa kiunga cha kwetu ambaye ujanani alikuwa akikwea minazi. Sala yangu iliyobaki Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye ilikuwaje. Baada ya salamu mzee akakiokota. Watu wanamtazama yeye, wananitazama mimi. Akakikunjua, akapitisha makali juu ya ukucha wa dole gumba, akasonya.

"Mwanangu, hiki ni chako?"

"Ndiyo, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Butu hiki. Kisu butu ndicho kinachokata mwenyewe. Pitia kwangu baada ya Alasiri nikunolee."

Hakuuliza cha nini. Watu wa umri wake walikua wakiona kila mwanamume wa mwambao anayekwenda shamba ana kisu kiunoni, na mgema ana kotama yake, na hakuna aliyeruka ukuta kwa sababu hiyo. Hofu hii tuliyonayo ni ya juzijuzi, imekuja na mageti, vibanda vya walinzi na vile vifaa vya kupitisha mwilini vinavyopiga kelele kwa kila kitu.

Vifaa hivyo ndivyo mahasimu wangu. Duka moja kubwa la mjini, ambalo silitaji kwa kuwa bado nanunua mchele pale, lina mlinzi mlangoni. Kifaa kikalia. "Mzee, mfukoni kuna nini?" Nikamwonyesha, maana mimi si mwizi. Akakiinua juu kwa vidole viwili, akakiweka kwenye kisanduku, akanipa kibao chenye namba. Sawa, utaratibu ni utaratibu, nikaingia. Ndani, upande wa kushoto ukipita sabuni, kuna ukuta mzima wa visu. Vya mkate, vya samaki, vya kukatia mifupa, kimoja kirefu kuliko mkono wangu kuanzia kiwikoni, na kilikuwa kwenye ofa: ukinunua kimoja unapewa ubao wa kukatia. Mama watoto alikuwa amekiagiza, nikakichukua. Nikatoka nacho mkononi, kwenye mfuko mwepesi unaoonyesha ndani. Mlinzi yuleyule akaangalia risiti, akaichora mstari, akasema, "Karibu tena, mzee." Nikageuka kumkumbusha kisu changu kidogo. Akanikabidhi kwa onyo nisije nacho tena, maana ni hatari.

Kwenye ndege ndiyo usiseme. Tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001, visu vidogo vilizuiwa ndani ya ndege, na hilo nalielewa, sina ubishi. Mwaka 2013 Wamarekani wenyewe walijaribu kulegeza kidogo. Idara yao ya usalama wa usafiri, TSA, ilitangaza mwezi Machi kuwa visu vidogo vya kukunja, bapa lisizidi sentimita 6, vitaruhusiwa. Wahudumu wa ndege wakaja juu, na mwezi Juni mpango ukafutwa. Haki yao, wao ndio wanaofungiwa humo na watu waliokosa usingizi. Ninalolalamikia mimi ni lile pipa la plastiki pale kwenye ukaguzi. Umewahi kulitazama? Mikasi ya kucha, vizibuo, visu vya matunda, bisibisi za miwani. Mali ya watu wenye akili za kujitegemea, yote imelala pale, na wenyewe wamesimama upande wa pili wameshika suruali kwa mikono kwa kuwa mikanda bado iko kwenye mashine. Weka kisu kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, yamekwisha. Msiniambie sikuwaambia.

Mpwa wangu anaishi London, ananieleza kuwa wenzetu mambo haya wameyapima kwa rula. Sheria yao ya mwaka 1988 inasema kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, na bapa lisilojifunga likishakunjuliwa, mtu anaweza kutembea nacho hadharani bila kuulizwa sababu. Kikizidi hapo, au kikiwa cha kujifunga, uwe na sababu ya msingi ya kukieleza. Nilikipima changu usiku ule aliponieleza, kwa rula ya mtoto ya shule: kiko ndani ya sheria ya Malkia, Mungu amrehemu. Lakini nikikitumia kumtishia mtu, hata kingekuwa inchi moja, kimekuwa silaha, na hilo ni kweli London na ni kweli Manzese. Kwetu kinachokupima ni jicho la mlinzi na namna alivyoamka siku hiyo.

Waomani nao wana njia yao, na naipenda zaidi. Jambia, wao wanaliita khanjar, wanalivaa mbele kabisa, katikati ya tumbo, ala ya fedha imejipinda, mkanda umedariziwa. Limo kwenye bendera ya nchi. Mwaka 2022 UNESCO wakaliingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Bwana harusi analo, balozi analo. Unguja ya masultani wao ililizoea vilevile. Hakuna anayewauliza wanaficha nini, maana hawafichi chochote. Nilipomweleza mama watoto habari hii akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema nivae tu, ila nisimfuate sokoni.

Lakini somo nililichukua. Kinachotisha watu si makali, ni kule kuchomoa. Mkono unaoingia ndani ya koti na kutoka na kitu kinachong'aa utamtisha hata mwenye panga. Siku hizi kisu changu kinaning'inia kwenye funguo za nyumba, nje, kwenye kitanzi cha suruali, na kila anayekiona anaona funguo. Na nina kanuni moja ninayoifuata popote: kwanza chungwa, ndipo kisu. Natoa chungwa, naligeuza mkononi, nalinusa, naangalia huku na huku kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Jirani akishalitamani, natoa kisu polepole, nakunjua kwa ukucha, naanza kumenya kuanzia kichwani. Namenya utepe mmoja usiokatika, mwembamba, naacha ule weupe, nakata kifuniko juu. Kipande cha kwanza namgawia yeye. Hakuna aliyewahi kupiga kelele akiwa na chungwa mdomoni.

Ofisini ilichukua muda zaidi. Tulisomewa waraka kuhusu vitu vyenye ncha mahali pa kazi, na aliyeusoma, dada wa utumishi, alinitazama mimi aya nzima ya tatu. Sikujibu. Ikafika siku ya kumuaga bosi anayestaafu. Keki imeletwa, ya orofa mbili, mishumaa imewashwa, hotuba imesomwa, kamera za simu ziko juu. Kisu hakuna. Walioleta keki wanadhani aliyeleta sahani kaleta, aliyeleta sahani yuko kwenye foleni Mwenge. Bosi ameshika hewa. Nikaona dada wa utumishi anakuja kwangu kwa kupita nyuma ya viti, akainama sikioni: "Kaka, kile kitu chako unacho?" Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mimi keki yenyewe nilipata ile pembe isiyo na krimu. Bosi alikata, watu wakapiga makofi, kisu kikapita mkono kwa mkono kuelekea mwisho wa meza kwenye soda na matunda, na tangu hapo sijakiona.

Nilimwuliza dada wa utumishi, akasema waraka haumruhusu kutunza kitu cha aina ile. Wa masijala anasema alimpa dereva. Dereva anasema alikatia tikiti maji akakiacha mezani. Hiki kilichoko kwenye funguo zangu leo ni cha pili, tena hakina kizibuo. Kwa hiyo wewe uliye nacho, nawe unajijua, huhitaji kujieleza wala kuomba radhi. Kifute krimu, kikunje, kiweke kwenye droo yangu ya chini, haifungwi.